Modemu ya 4G inakatika nikiwa ndani ya nyumba, na HDMI ya kwenda kwenye TV: mashine ya mkononi ya Zero 2 W

Mkomani_Bodi aliuliza:

Asalaam alaikum mafundi. Naanza na vifaa, msije mkaniuliza kimoja kimoja:

– Raspberry Pi Zero 2 W, Raspberry Pi OS Bookworm
– skrini ya inchi 5, 800×480, imeunganishwa kwa mini HDMI
– modemu SIM7600E-H juu ya bodi yake ya USB, inapitia hab ndogo pamoja na kibodi
– betri mbili za 18650 zilizofungwa sambamba, bodi ya chaji ya TP4056 yenye ulinzi, halafu kipandisha volti cha volti 5, ampea 2
– nyaya za ndani nimezitoa kwenye kebo bapa ya kompyuta ya zamani, urefu kama sentimita 30

Shida ya kwanza. Mashine ikiwa juu darini, 4G inashika na inakaa kutwa. Nikiiteremsha ndani, nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta karibu nusu mita, modemu inakatika kila baada ya dakika chache. `dmesg` (kumbukumbu za mfumo) inaandika "USB disconnect", halafu baada ya muda modemu inarudi kama ndiyo kwanza imechomekwa. Betri ikipita nusu kushuka, mashine nzima inazimika ghafla. Umeme nimeshaukagua: `vcgencmd get_throttled` inajibu 0x0, yaani hakuna tatizo, na mita inasoma volti 4.98. Kwa hivyo nashuku modemu ni mbovu, au antena.

Shida ya pili. Nataka video itoke kwenye TV. Je, naweza kuikata kebo ya HDMI ya ndani nikalehemu tawi la pili liende kwenye tundu la nje? TV ni za aina mbili: bapa yenye HDMI, na ile ya kichogo yenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe.

---

Langoni_Risasi alijibu:

Waalaykum salaam. Modemu yako ni nzima. Vipimo viwili ulivyoviamini ndivyo vinavyokudanganya.

Hiyo 0x0 haina maana yoyote kuhusu volti kwenye Zero. Kitambuzi cha volti ndogo kimo kwenye bodi kubwa za Raspberry Pi tangu B+, ila jamii yote ya Zero haikuwekewa. Hata volti ikianguka mpaka 4.3, itakujibu 0x0 vilevile. Mita nayo inakuonyesha wastani. Modemu ikiwa kwenye 2G haivuti umeme mfululizo: inapiga pigo la maikrosekunde 577, inanyamaza, inapiga tena, pigo moja kila milisekunde 4.6. Mita ya mkononi inasoma mara chache tu kwa sekunde, pigo kama hilo haiwezi kuliona. Ukitaka kuliona kwa macho tafuta osiloskopu, uiweke kwenye pini za volti 5 za modemu, si za Pi.

Mbona darini haikatiki? Juu mnara unasikika vizuri, modemu inazungumza kwa sauti ya chini. Ndani ya kuta hizo inapaza sauti mpaka mwisho, na 4G ikipotea inaangukia 2G. Kwa 4G modemu hurusha si zaidi ya desibeli 23, yaani kama wati 0.2. Kwa 2G ya megaherzi 900 hufika desibeli 33, wati 2. Mara kumi! Ndiyo sababu watengenezaji wa moduli hizi wanataka chanzo kinachoweza kutoa ampea 2 papo hapo kwa volti 3.8.

Sasa piga hesabu. Ampea 2 kwa volti 3.8 ni wati 7.6, ukiongeza hasara ya kipunguza volti kilicho kwenye bodi ya modemu, upande wa volti 5 zinakuwa kama ampea 1.7. Pi ikifanya kazi weka 0.6. Skrini weka 0.5. Jumla 2.8, na kipandisha chako kimeandikwa 2, na hizo 2 nazo mara nyingi ni za kwenye karatasi tu.

Nyaya zako za kebo bapa ni geji 28. Ukinzani wake ni omu 0.21 kwa mita. Sentimita 30 kwenda na 30 kurudi (watu wanasahau kuwa waya wa hasi nao ni waya) zinafanya omu 0.13. Kwa ampea 1.7 unapoteza volti 0.22 njiani, kabla ya hab na viungio vyake. Geji 22 kwa urefu uleule inapoteza 0.05 tu.

Na kule kuzimika kwa mashine nzima betri ikishuka ni jambo la pili, usilichanganye na la kwanza. Ampea 2.8 kwa volti 5 ni wati 14. Betri ikiwa volti 3.5, na kipandisha kikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 88, betri inatakiwa itoe ampea 4.5. Ulinzi wa kwenye bodi ya TP4056 hukata kwenye ampea 3 hivi. Betri ikijaa volti ziko juu, ampea zinazohitajika ni pungufu, na mapigo ni mafupi, ulinzi unavumilia. Ikishuka, haivumilii tena, inakata kila kitu. Betri zenyewe hazina kosa.

Fanya hivi:

1. Kipandisha cha sasa kibakie na Pi na skrini. Modemu ipewe chake, cha volti 5 na ampea 3 za kweli.

2. Kwenye kebo ya USB ya modemu kata waya mwekundu, ufunike ncha zote mbili. Nyeupe, kijani na cheusi viache. Umeme wa modemu utoke kwenye kipandisha chake peke yake. Usipoukata, vipandisha viwili vitasukumana kupitia hab: kimoja kina 5.05, kingine 4.95, na chenye nyingi kinabeba mzigo wote. Hasi zote ziungane sehemu moja, karibu na betri.

3. Weka kapasita ya mikrofaradi 1000, volti 10, ya ukinzani mdogo wa ndani, isipite sentimita 2 kutoka kwenye pini za umeme za bodi ya modemu. Pembeni yake ya kauri ya mikrofaradi 0.1.

4. TP4056 iache ichaji tu. Toa mzigo kupitia bodi ya ulinzi ya betri moja (zilizofungwa sambamba huhesabika kama moja) inayohimili ampea 8 au zaidi, nyaya geji 20 au nene kuliko hiyo, na fyuzi ya ampea 7.5 kwenye chanya ya betri.

Wengi hukimbilia kapasita peke yake, eti kubwa itamaliza shida. Haimalizi. Pigo likiwa pungufu kwa ampea 1 kwa maikrosekunde 577, kapasita ya 1000 inashuka volti 0.58. Ya 2200 inashuka 0.26, na halafu ina milisekunde 4 tu za kujijaza kabla ya pigo jingine, kutoka chanzo kilekile ambacho tayari kimelemewa. Kapasita inalainisha, haizalishi.

Jambo jingine: usitumie mashine muda mrefu ikiwa kwenye chaji ya TP4056 na mzigo umefungwa palepale kwenye betri. Chipu inamaliza kuchaji pale mkondo unaposhuka hadi sehemu ya kumi ya ule uliopangwa. Mashine inayovuta bila kukoma inaufanya mkondo usishuke, betri inakaa kwenye 4.2 siku nzima, na kwa joto letu hilo linaiua haraka.

---

Shela_Mawimbi alijibu:

Naongeza, na sehemu nyingine sikubaliani na maalim hapo juu kuhusu pa kuanzia. Kabla hujagusa chuma cha kulehemu, jaribu la dakika moja. Fungua `minicom -D /dev/ttyUSB2` (ndiyo mlango wa amri wa SIM7600), andika:

`AT+CNMP=38`

Hapo modemu inabaki 4G peke yake. Shuka nayo chini, iache nusu saa. Ikiacha kukatika, umethibitisha kuwa ni mapigo ya 2G na hujatumia hata shilingi. Ikitokea 4G haifiki kabisa huko ndani, weka `AT+CNMP=54`, hiyo ni 3G na 4G bila 2G. Kurudisha hali ya mwanzo ni `AT+CNMP=2`. Kwa mtu anayetaka data tu, anaweza kuiacha imefungwa hivyo daima.

Pili, pima mtandao kwa namba, usiangalie vistari. `AT+CPSI?` itakupa mstari mrefu, kwa mfano:

`+CPSI: LTE,Online,639-02,…,EUTRAN-BAND20,…,-125,-1130,-835,3`

639 ni Kenya, 02 ni Safaricom. BAND20 ni megaherzi 800, BAND3 ni 1800. Namba nne za mwisho ndizo kazi: tatu za mwanzo zigawanye kwa kumi. Hapa nguvu ya mnara ni -113.0, hiyo ni hafifu sana. Kuanzia -100 kuja juu utakuwa na raha, kati ya -100 na -110 inavumilika. Ya mwisho kabisa, 3, ni tofauti kati ya mtandao na kelele. Ikiwa chini ya 5 utaona intaneti inasuasua hata kama modemu haikatiki.

Antena: robo ya wimbi la megaherzi 800 ni sentimita 9.4. Vile vijiti vifupi vya Wi-Fi ni vya 2400, robo yake sentimita 3, usivifunge hapa hata kama kiungio kinaingia. Modemu ina matundu matatu madogo: MAIN, AUX (ya kusaidia kupokea) na GNSS (ya GPS). MAIN ndiyo inayorusha. Ukiwa na antena moja na umeichomeka GNSS kwa bahati mbaya, modemu itawaka, itaiona laini, na itatafuta mtandao milele. Vile viungio vidogo vimekadiriwa kuchomekwa na kuchomolewa kama mara 30 tu, kwa hivyo usivichezee: funga kiungio cha SMA kwenye ganda la mashine na uwe unabadilisha antena hapo. Ukipata ya pili kwa AUX, iweke angalau sentimita kadhaa mbali na ya kwanza, na ikae pembe tofauti.

Na kwa nyumba ya mawe, antena ya sumaku yenye waya wa mita 3 iliyopandishwa kidakani karibu na dirisha, au ikatokezwa kiwandani (ua wa ndani ya nyumba) penye uwazi, inashinda kifaa chochote utakachonunua. Sumaku inataka bati chini yake, kifuniko cha kopo la maziwa kinatosha.

Nilisahau: umenunua E-H, hapo ulipatia. Anayesoma na bado hajanunua asichukue ile yenye herufi A. Ni ya Marekani, ina bendi 2, 4 na 12, hapa itakuwa pambo tu.

---

Langoni_Risasi alijibu:

Jaribio la CNMP ni zuri na nakubali lianze. Lakini kuifunga ni kujua ugonjwa, si kuutibu. Nyaya za geji 28 na ulinzi wa ampea 3 bado vipo, na siku skrini ikiwekwa mwanga wote huku modemu ikipakia faili kubwa, mashine itazimika na kadi ya SD iko katikati ya kuandika. Kadi nyingi zimekufa hivyo.

---

Nahodha_HDMI alijibu:

Nashika shida ya pili, umeme umeshapata wenyewe.

Kuikata HDMI na kuilehemea tawi: hapana. Si kwamba itatoka picha mbaya. Haitatoka picha, au itatoka siku moja na kupotea siku ya pili. Ndani ya kebo hiyo kuna jozi nne za nyaya, kila jozi imepimwa iwe na omu 100 mwanzo hadi mwisho. Ukitia tawi, mawimbi yanafika kwenye njia panda, mengine yanarudi nyuma na kugongana na yanayokuja. Tena kuna waya mbili ambazo skrini hutumia kujitambulisha, "mimi ni 800×480", na TV nayo inajitambulisha kwenye waya zilezile kwa anwani ileile. Wote wawili wanajibu kwa pamoja, Pi haisikii hata mmoja.

Mtu atakwambia nunua splita ya moja kwa mbili. Splita ni kifaa cha kweli, inafanya kazi, ila kwako haifai. Inatoa picha ileile pande zote bila kubadilisha ukubwa. Skrini nyingi za inchi 5 za bei nafuu hazina chipu ya kukuza wala kupunguza picha, zinataka 800×480 tu. TV nyingi bapa zinaikataa 800×480 na kuandika "hakuna ishara". Tena splita inakula umeme wako muda wote.

Kinachofaa ni swichi ya HDMI ya njia mbili, ile isiyohitaji umeme, yenye kitufe kimoja. Huuzwa kama "mbili kuingia, moja kutoka", lakini ile iliyoandikwa kuwa inaenda pande zote mbili unaweza kuigeuza: Pi upande wa tundu moja, skrini na TV upande wa matundu mawili. Ukibonyeza, Pi inaona skrini imechomolewa na TV imechomekwa, inasoma utambulisho mpya na kubadilisha ukubwa wa picha yenyewe. Vua ganda, bodi ya ndani ni ndogo. Kwa nafasi finyu tumia zile kebo bapa za HDMI zinazouzwa kwa ajili ya droni, zina vichwa vya mini, maikro na vya kawaida unavyovipachika mwenyewe. Chukua za sentimita 10 au 20. Kwa kuwa swichi haiongezi nguvu, kebo ya kwenda kwenye TV isizidi mita 2 au 3.

Angalizo moja: usiandike ukubwa wa picha kwenye `cmdline.txt` kwa mtindo wa `video=HDMI-A-1:1920x1080@60`. Ukiulazimisha hapo, ukirudi kwenye skrini ya ndani utaona giza. Iache Pi ichague.

Kwa TV ya kichogo, Zero 2 W inatoa picha ya waya mmoja. Chini ya bodi kuna kidoa kimeandikwa TV. Lehemu waya mwembamba hapo uende kwenye pini ya katikati ya tundu la njano, na hasi kwenye ganda lake. Kidoa hicho kinang'oka kirahisi: chuma nyuzi 320, sekunde mbili, halafu ushikize waya kwa gundi ya moto ili usivute. Kwenye `config.txt`:

`dtoverlay=vc4-kms-v3d,composite`

Na mwisho wa mstari uleule mmoja wa `cmdline.txt`, bila kuanza mstari mpya:

`vc4.tv_norm=PAL`

Usipoweka PAL utapata NTSC (mfumo mwingine wa picha za TV), na TV nyingi za zamani za huku zitaonyesha picha inayokimbia au isiyo na rangi. Ila ujue: neno `composite` linazima HDMI yote. Hupati vyote viwili kwa pamoja, na kubadilisha kunataka kuwasha upya. Tengeneza mafaili mawili ya `config.txt` na skripti ya kuyabadilishana.

Kama ungekuwa unaanza upya ningesema chukua Compute Module 4 (CM4): skrini ya ndani kwenye DSI (njia ya pekee ya skrini), HDMI inabaki huru, hakuna swichi. Na hapo usisahau `dtoverlay=dwc2,dr_mode=host`, kwa sababu USB ya CM4 huja imezimwa na watu hudhani modemu imekufa. Lakini umeshajenga, na CM4 inakula umeme zaidi.

---

Shela_Mawimbi alijibu:

Nahodha kanikumbusha. HDMI inapiga kelele kwenye masafa ya simu. Picha ya 720p ina saa (mapigo yanayoipangilia picha) ya megaherzi 74.25. Zidisha kwa 11: 816.75. Bendi 20 inashuka kutoka mnarani kati ya 791 na 821, yaani kelele hiyo inatua katikati ya masikio ya modemu. Picha ya 1080p kwa 60 ina saa ya 148.5; mara tano ni 742.5, mara sita ni 891, zote ziko nje. Kwa hivyo ukiwa kwenye TV chagua 1080p, kisha soma CPSI kabla na baada ya kuchomeka. Ukiona nguvu ya mnara haijabadilika ila namba ya mwisho imeanguka, ni kelele ya kebo. Sogeza antena, au funga karatasi ya shaba juu ya kebo bapa na uiunganishe na hasi.

---

Mkunguni_Sauti alijibu:

Hakuna aliyegusa sauti. Kwa HDMI sauti inapita humohumo. Kwa TV ya kichogo Zero haina tundu la sauti, unaitoa kwenye pini:

`dtparam=audio=on`
`dtoverlay=audremap,pins_18_19`

Kila upande: kutoka pini, rezista ya omu 270, baada yake rezista ya omu 150 na kapasita ya nanofaradi 33 zote kwenda hasi, halafu kapasita ya mikrofaradi 10, chanya ikielekea Pi, ndiyo iende kwenye tundu. Ukisikia mngurumo wa "trrrr trrrr" kwenye spika, ni yale mapigo ya 2G tena: pigo kila milisekunde 4.6 ni kama mara 217 kwa sekunde, na sikio linalisikia vizuri sana. Hasi ya tundu la sauti itoke kwenye pini ya Pi, isipite njia moja na hasi ya modemu.

Na video: chipu ya Zero 2 W inafungua H.264 (aina ya mbano wa video) mpaka 1080p kwa picha 30. H.265 haiwezi, na simu nyingi siku hizi zinarekodi hiyo. Faili ikisuasua kwenye TV usilaumu HDMI. Ibadilishe kwenye kompyuta kubwa:

`ffmpeg -i a.mp4 -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -crf 23 -c:a aac b.mp4`

---

Mkomani_Bodi alijibu:

Shukran sana. Matokeo: `CNMP=38`, ndani ya nyumba, nguvu ya mnara -109, dakika arubaini haijakatika hata mara moja. Kwa hivyo ni umeme. Nimeagiza kipandisha na bodi ya ulinzi kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, vinakuja kwa basi hadi Mokowe, gati ya kuvukia kuja Lamu.

Maswali mawili ya mwisho. Moja: `mmcli -m 0` inaniambia "registered", lakini intaneti haipiti kwa modemu, Wi-Fi ikiwepo inapita kwa Wi-Fi. Pili: chumvi. Nipake nini kwenye bodi kabla sijafunga?

---

Shela_Mawimbi alijibu:

"Registered" ni kwamba mnara umekukubali, bado hujafunguliwa mlango wa data. Kwa laini ya Safaricom:

`sudo nmcli c add type gsm ifname '*' con-name saf gsm.apn safaricom gsm.username saf gsm.password data connection.metered yes`

Hiyo `metered` inaiambia mashine kuwa data hii inalipiwa, programu zinazoiheshimu zitaacha kujipakulia mambo kimyakimya na kumaliza bando. Laini iondolewe PIN kwanza ndani ya simu. Wi-Fi kutangulia ni kawaida: NetworkManager huipa Wi-Fi daraja 600 na modemu 700, ndogo ndiyo inayoshinda. Ukitaka kinyume, `nmcli c modify saf ipv4.route-metric 500` kisha `nmcli c up saf`.

Na IMEI (namba ya utambulisho) ya modemu iache kama ilivyotoka kiwandani. Kuna "mafundi" watakaokushauri uibadilishe ifanane na ya simu yako. Ni kosa la jinai na haikuongezei kitu.

---

Langoni_Risasi alijibu:

Chumvi: osha bodi kwanza kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na mswaki laini, ukitoa mabaki yote ya dawa ya kulehemea. Hayo mabaki yakibaki chini ya rangi yanavuta unyevu na kula shaba kwa ndani, bora usingepaka. Ikaushe mbele ya feni masaa mawili, na ufanye kazi hiyo mchana mkavu, siyo asubuhi ya kusi ambapo hata kuta zinatoa jasho.

Kisha varnishi ya akriliki ya bodi, koti mbili nyembamba, nusu saa katikati. Kabla ya kupaka ziba kwa utepe: matundu matatu ya antena, kitanda cha laini, USB, HDMI, kadi ya SD, na vitufe. Kifuniko cha bati cha modemu usikipake kitu, kinatakiwa kutoa joto. Kibandike pedi ya joto ya milimita 1 igusane na ganda la nyuma kama ganda ni la aluminiamu. Silikoni ile ya madirishani yenye harufu ya siki usiikaribishe kabisa, asidi yake inaoza shaba.

Kitanda cha laini ndicho kitakachokusumbua kwanza, kwa kuwa hakipakwi. Siku `AT+CPIN?` itakapojibu ERROR na laini bado ni nzima, toa laini, pangusa vidoa vyake kwa kifutio cha penseli, nyunyiza alkoholi kidogo kwenye kitanda, subiri kikauke, rudisha.